Barua ya Gwakisa Kutoka Kimondo

Hapo zamani, zamani ya karibu tu ambayo baadhi yenu mliiona kwa macho, bonde la mto Lusiga lilikuwa na skimu ya mpunga. Mto uliteremka kutoka milimani, ukapita Kimondo, ukapita Darajani, ndipo ukafika mashambani. Pale palikuwa na mlango wa chuma wa kugawa maji, na mwenye kuufungua na kuufunga alikuwa Ambakisye, mume wa Sekela.

Kazi ya Ambakisye ilitegemea barua. Juu Kimondo alikaa Gwakisa, msoma kina cha maji. Chini yake, Darajani, alikaa Lugano, msoma kina mwenzake. Simu hazikushika huko juu, ila kila kituo kilikuwa na dishi na kompyuta, na kila asubuhi wawili hao walituma barua pepe ofisi ya skimu: maji yamepanda, maji yameshuka. Ambakisye akishazisoma, anajua la kufanya mlangoni.

Lugano aliandika habari za maji tu. Mwaka ukaingia, mwaka ukatoka, Lugano ni maji tu. Gwakisa naye aliandika habari za maji, na mengine juu yake. Alituma sala zilizomtishia balaa asiyezisambaza. Alituma matangazo ya mizizi ya kusafisha ini, mizizi aliyoichimba mwenyewe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mizizi ya Gwakisa ilitembea bonde zima.

Fundi wa kompyuta pale ofisini alikuwa Tusajigwe, mwanamke mtulivu asiyependa fujo. Barua taka zilipozidi, hata tangazo la kugawa mbegu likapotelea humo, Tusajigwe aliweka chujio. Chujio lilisoma kila barua na kuipa alama za shaka. Zikizidi, barua ilitupwa kwenye kapu la taka. Lakini halikuishia hapo. Lilitazama pia jina la mtumaji na barua zake za nyuma, likazivuta alama za leo zielekee zile za jana. Mwenye historia safi alipunguziwa shaka. Mwenye historia chafu aliongezewa.

Gwakisa akaona barua zake nyingine hazijibiwi. Akateremka mpaka ofisini.

"Dada, nimechafuka humo kwenye mashine yako. Nisafishe."

"Sikusafishi mimi, kaka," Tusajigwe akamjibu. "Andika maji tu. Chujio litakuzoea polepole, na jina lako litarudi."

Gwakisa akakubali. Tangu siku hiyo hakutuma sala, hakutuma mizizi. Barua zake zikaanza kupenya, nyingine zikipita, nyingine zikizama.

Ikaja siku ya mvua kubwa milimani. Huku bondeni jua liliwaka. Gwakisa alikwenda mtoni, akaona maji mekundu yakibeba magogo. Akakimbia kituoni, akaandika: "Hatari. Haraka sana, msichelewe. Mtu yeyote asikaribie mlango." Chujio likayasoma maneno hayo. Hatari, haraka, msichelewe: ndiyo maneno ya wauza mizizi. Likampa alama chache za shaka, ambazo mtu mwingine angesamehewa. Kisha likatazama jina, likaongeza. Barua ikazama kapuni.

Asubuhi hiyo hiyo Lugano alikuwa na homa. Hakwenda mtoni. Aliandika mstari mmoja akiwa kitandani, bila salamu wala kichwa cha habari: "Maji ni ya kawaida." Chujio liliitilia shaka barua hiyo kavu. Kisha likatazama jina, likapunguza. Barua ikapita.

Ambakisye aliisoma, akachukua panga, akaingia mferejini chini ya mlango kukata magugu yaliyouziba. Adhuhuri mafuriko yakamkuta humo. Walimpata kwenye matete, mbali sana na mlango.

Bonde lile lina desturi yake. Mtu akifa kwa kosa la mwingine, mkosaji hulima shamba la mjane mpaka mtoto wa mwisho aweze kushika jembe. Kazi hiyo haigawanywi, kwa sababu shamba la watu wengi huota magugu. Basi baada ya matanga, mwenyekiti wa skimu aliwaita Lugano, Gwakisa na Tusajigwe uani kwa Sekela, ambaye watu humwita Mama Atupele kwa jina la bintiye. Wote watatu walikuja.

"Mama Atupele," mwenyekiti akasema, "wasikilize. Kisha umtaje mmoja."

Sekela alikaa mkekani, mtoto wake wa mwisho amelala mapajani. Hakulia. Machozi yalikuwa yamekwisha, kilichobaki ni hasira isiyojua pa kukaa.

Akasimama Lugano. "Mama Atupele, sikatai. Sikwenda mtoni, niliandika kwa kukisia. Lakini miaka yote sijawahi kuwadanganya, ila siku moja ya homa. Na barua ya Gwakisa ingefika, yangu isingemuua mtu. Si mimi wa kulima."

Akasimama Gwakisa. "Mama Atupele, sikatai. Jina langu nililichafua kwa mkono wangu. Lakini siku ile nilikwenda mtoni, nikaona kweli, nikaandika kweli. Upuuzi nilikuwa nimeshauacha. Mtu akiacha, ni lini atahesabiwa kuwa ameacha? Si mimi wa kulima."

Akasimama Tusajigwe. "Mama Atupele, sikatai. Ningeweza kuliamuru chujio limpitishe Gwakisa bila kumpima. Sikufanya, niliona ni upendeleo. Lakini chujio halikumchukia mtu. Lilifundishwa na sisi. Kila aliyechoshwa na mizizi alibonyeza kitufe cha taka, nalo likakumbuka. Na aliyebonyeza kuliko wote..."

"Malizia," Sekela akasema.

"Alikuwa marehemu, mama. Si mimi wa kulima."

Sekela hakuhitaji kuambiwa. Alimkumbuka mumewe wakila, akicheka na tonge mkononi: "Leo tena nimemtupa Gwakisa na mizizi yake." Naye alikuwa akimwambia, mtupe tu, baba Atupele, mtu gani huyo. Wakacheka pamoja. Hilo hakumwambia mtu.

"Mama," mwenyekiti akasema taratibu, "mvua za kupandia zimekaribia. Taja jina."

Sekela akamtazama Lugano, aliyeaminiwa na siku moja akasema uongo. Akamtazama Gwakisa, aliyesema kweli na hakuaminiwa. Akamtazama Tusajigwe, aliyewapima wote kwa kipimo kimoja. Akamlaza mtoto mkekani, akainuka.

Sasa niambieni ninyi mliokaa hapa, maana mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Mngekuwa ninyi ndio Sekela, mnayajua aliyoyajua, je, nani alistahili kulima shamba lile?