Kibuyu cha Mbele

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na soko lao na midomo yao ya kusemana, Kuchakulo alikuwa bibi afya, mkaguzi wa maziwa. Alikuwa mdogo wa kuenea kikombeni, lakini akipita na kipimo chake cha kioo, kinachoelea kwenye maziwa halisi na kuzama kwenye yaliyotiwa maji, wauza maziwa wote walifuta vibuyu.

Wote isipokuwa Kiboko. Yeye alikuwa na vibuyu sita. Kimoja alikiweka mbele, cha kumwonyesha mkaguzi. Vitano alivificha chini ya mkeka, akaukalia ukingo wake, na nani angemwambia Kiboko asogee? Swala, bwana afya aliyetangulia, alipima hicho cha mbele, akasema safi, akaenda zake mbio. Habari za mkeka huo Kuchakulo alizisikia, nani hakuzisikia?

Basi wiki hiyo mtoto wa Digidigi akaharisha siku tatu, na hakuwa amekunywa kitu ila maziwa ya Kiboko. Mama yake alimwambia Kuchakulo kwamba sasa hata kulia hawezi. Kuchakulo akavaa koti lake jeupe, tiki tiki tiki, mpaka sokoni.

"Karibu, mjukuu wangu," Kiboko akacheka. "Pima, ila usitumbukie."

Kuchakulo akamimina maziwa ya kibuyu cha mbele kwenye bilauri, akatia kipimo. Kikaelea juu vizuri kabisa. Akakitazama, akakitazama tena, akafyonya.

"Mzee, umetia maji humu. Nayamwaga."

Kiboko akapandwa na hasira. Aliinuka, mkeka ukaruka kule, akanguruma soko zima likasikia: "Maji? Hiki ndicho peke yake ambacho sikutia maji!"

Shingo zote zikageukia vibuyu vitano vilivyobaki wazi.

"Na hivyo vingine, babu?" Mama Digidigi, aliyemfuata Kuchakulo sokoni, akauliza polepole.

Kiboko akataka kukaa tena, lakini Kuchakulo alikwisha fika kwenye vibuyu, anamimina, anapima. Kipimo kikazama, dumbwi. Cha pili, dumbwi. Vyote vitano hivyo hivyo, na kimoja kilikuwa na kiluwiluwi anaogelea.

"Umenidanganya," Kiboko akanung'unika.

"Kweli, mzee. Mimi nimesema uongo, wewe ukasema kweli. Tumesaidiana."

Akavimwaga vyote vitano, pwaa, na kile cha mbele akampa Mama Digidigi akamchemshie mtoto. Kesho yake mtoto alilia mtaa mzima ukasikia, na hakuna aliyelalamika.

Anayemtengea mkaguzi kilicho safi, anajua vizuri anachowauzia wengine.