Kigae Kikirudi

Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa chungu changu ulianza kugonga ukingoni, polepole, maana uji ulikuwa unakaribia kuchemka. Wajukuu zangu wakaamka kwa sauti hiyo. Jana yake walikuwa wamenisikia nikimwambia jirani, aliyeona haya kumrudishia seremala kigoda kilicholegea, "Kigae kikirudi, hakirudi peke yake." Wakasogea karibu na moto na kutaka kujua maneno hayo yametoka wapi. Nikawaambia kwamba mwanzo wake ni huu.

Huku kwetu milimani Upare alikuwapo mfinyanzi mmoja, Naetwe. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, naye mama alifundishwa na bibi. Mwaka mmoja masufuria yalikuwa yameanza kufika kwenye gulio letu. Yaling'aa, na muuzaji aliyapiga kwa fimbo ili watu wasikie kwamba hayavunjiki. Vyungu vya Naetwe vikawa vinashuka gulioni asubuhi na kupanda naye tena jioni, vilevile vilivyo. Alikuwa na binti ambaye mikono yake ilishaanza kuupenda udongo, na Naetwe aliona kwamba mambo yakienda hivyo hatakuwa na la kumfundisha. Nani afundishwe kazi isiyo na mnunuzi?

Akaliwaza jambo hilo siku nyingi. Kisha akaanza kubonyeza kidole gumba chini ya ukingo wa kila chungu, udongo ukiwa bado mbichi. Gulioni akawatangazia watu kwamba chungu chenye alama ya kidole chake kikipasuka motoni kabla ya mvua za vuli, wamletee kigae chenye alama, naye atatoa chungu kipya. Kilichoangushwa hakimo katika ahadi hiyo.

Kunda, wifi yake, aliyemsaidia kubeba, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wifi, mwenye sufuria anasema yake haivunjiki. Wewe umetangaza kwamba vyako vinapasuka."

"Vinapasuka," Naetwe alisema. "Nani asiyejua?"

Siku hiyo waliuza vyungu vingi kuliko magulio yote ya karibuni. Hata hivyo haukupita muda mrefu, akapanda mwanamke mmoja kutoka tambarare, jina lake Mama Eliamani. Alikuwa na kigae, amekifunga kwa majani makavu ya mgomba kama mtu anavyofunga chungu kizima. Tena hakukitoa mbele ya watu. Alisimama pembeni mpaka wanunuzi wakaondoka, asije akamwaibisha mwenye kazi. Hilo msilisahau, wajukuu zangu.

"Haya, wameanza," Kunda akanong'ona. "Gulio lijalo utaletewa kijiji kizima cha vigae."

Naetwe alikigeuza kigae. Alama ilikuwapo, na ufa ulikuwa umepanda kutoka chini, kwa hiyo ni moto kweli. Akachagua chungu kipya, akakiweka mikononi mwa Mama Eliamani kabla ya kumuuliza lolote. Ndipo akasema, "Siku ya kwanza ulipika nini, mama?"

"Maharage."

"Hukuanza na uji?"

"Uji wa nini? Sisi kule tumezoea sufuria. Nilijaza maji, nikachochea kuni."

Hapo Naetwe akaelewa. Huku milimani hata mtoto anajua kwamba chungu kipya huchemshiwa kwanza uji mwepesi, ukaachwa upoe humohumo, ili uzibe vitundu vya udongo. Hakuwahi kumwambia mnunuzi yeyote, kwa kuwa hakudhani kuna asiyejua.

"Basi kosa si lako," alisema. "Mimi ndiye sikukuambia."

Gulio lililofuata alishuka na mafiga, kuni na unga. Akavipikia vyungu vyake uji palepale. Watoto wakaja kunywa, mama zao wakafuata watoto, na kila aliyenunua alichukua chungu kilichokwisha kunywa uji wake wa kwanza. Kunda ndiye aliyeshika kata, akimweleza kila mmoja namna ya kukitunza. Mama Eliamani naye alifika, nyuma yake majirani watatu. Kule tambarare alikuwa amesimulia kwamba milimani yuko mtu aliyempa chungu kipya bila kupandisha sauti.

Vigae vingine vilikuja, si vingi. Kimoja kilikuwa na kijiwe cheupe ndani kilicholeta ufa, na kwa kijiwe hicho Naetwe alijua upande gani wa shimo lake la udongo auache. Mzee mmoja alileta chungu kilichomeguka ukingo, akasema kimepasuka motoni.

"Babu, moto gani huu wenye manyoya ya mbuzi?"

Mzee akakitazama, akacheka. "Kumbe sikukisafisha vizuri."

"Chungu nilikifinyanga mimi. Mbuzi sikumfinyanga."

Akampa uji anywe, na mzee akanunua kingine.

Mvua za vuli zilipoanza, ahadi ya mwaka huo ilikwisha. Siku hiyo Naetwe alikuwa uani na binti yake, ambaye alikuwa anabonyeza kidole gumba kwenye chungu chake cha kwanza. Mama Eliamani akaingia, amelowa, mikono mitupu, pamoja na wanawake wawili wageni waliotaka vyungu. Kunda akamtazama, akawatazama na wale wageni, akakumbuka kicheko chake.

"Wifi," alisema taratibu, "kumbe kigae kikirudi, hakirudi peke yake."

Mama Eliamani alikunywa uji, akafunga kanga yake ili ateremke. Akasema chungu chake ni kizima na mvua zimeanza, kwa hiyo hana tena sababu ya kupanda mlima.

Naetwe akamsindikiza mpaka njiani.

"Njoo tena," alimwambia. "Njoo hata kama hakijapasuka."