Dawa ya Jakuzi ni Ugali, Si Chapati

"Dawa ya maji ni ugali, si chapati." Ndivyo alivyosema Bibi Tumpe asubuhi hii mlipofungua dawa ya choo bila kusoma maandishi yake, nanyi wajukuu mkaangua kicheko. Sasa mnaniuliza msemo huo ulitoka kwa wahenga gani. Wahenga wapi! Ulitoka mikononi mwangu mimi.

Nilikuwa mpishi kwa daktari mmoja mstaafu hapa Tukuyu. Kwa baridi ya huku, alijenga jakuzi nyuma ya nyumba, lile birika kubwa la maji moto ambalo watu hukaa ndani mpaka shingoni. Maji yale hutiwa klorini, dawa ya unga mweupe, ili yasizae vijidudu. Kazi hiyo ilikuwa ya mtumishi mwenzangu, Ambwene. Alikuwa akivaa glavu na miwani mikubwa, nami nikimtania, "Unakwenda kutia dawa au unakwenda vitani?"

Siku moja Ambwene alikwenda msibani, na wageni wa daktari walikuwa njiani. Mama mwenye nyumba akasema tumsubiri. Tumsubiri wa nini? Mimi niliyekanda chapati za harusi tatu, nishindwe na unga? Nikamwita mdogo wangu Tumpe, fundi cherehani, aliyekuja kunitembelea. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na macho yake, jamani, mngeyaona!

Nikamwaga dawa kwenye ndoo kavu. Nikachimba kishimo katikati kwa mwiko, kama nifanyavyo siku zote jikoni.

"Tumpe, mimina maji kidogo kidogo."

Akainama, akamimina.

Mungu wangu! Ndoo ilichemka bila moto! Ikafoka, ikarusha povu, na moshi wa kukaba koo ukatufunika. Tumpe alipiga yowe moja, kisha sauti ikakatika. Mimi nilisimama tu na mwiko mkononi.

Ambwene ndiyo kwanza alikuwa anaingia getini. Alimvuta Tumpe mpaka penye hewa safi, akamfungulia bomba, maji yakatiririka machoni mwake muda mrefu bila kukoma.

"Dada," Tumpe akasema, "dada, mbona sioni?"

Ambwene akanigeukia. "Umechanganyaje?"

"Nimetia maji juu ya unga. Kama chapati."

"Lo! Maji kwanza, dada Atuganile, dawa baadaye! Hii ni ugali, si chapati! Umeniona mara ngapi?"

Nilimwona mara mia. Nilikuwa nacheka miwani yake, ndoo sikuitazama.

Hospitalini waliokoa jicho la kulia. La kushoto ndilo hilo ambalo siku zote nimewaambia liliharibiwa na surua utotoni. Niliwadanganya, wajukuu zangu. Niliona aibu.

Tumpe hajanilaumu hata siku moja. Alirudi kwenye cherehani yake, akaomba tu mtu wa kumtungia uzi kwenye sindano. Mtu huyo ni mimi, kila asubuhi, mwaka wa arobaini sasa. Nikimaliza, yeye huipokea sindano, hunishika mkono, na kusema taratibu, "Dada, dawa ya maji ni ugali, si chapati."

Haya. Mbona hamcheki tena?