Baiskeli Iliyobebwa

Wapendwa, sogeeni mbele, viti vya mbele haviumi. Leo ni siku ya shukrani, mpunga umeingia ndani, na najua wengine mmeacha sufuria jikoni mkamwambia mtoto aiangalie. Hata mimi. Kwa hiyo nitawapa mfano mmoja tu, halafu tutaimba, tutatoa sadaka, twende nyumbani.

Kulikuwa na wanawake wawili, ndugu wa tumbo moja. Dada mkubwa aliolewa kijijini, analima mpunga. Mdogo wake alikuwa mjini, anapika chakula cha wafanyakazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mama yao alikuwa bado hai, anakaa ng'ambo ya mbuga, lile bonde la mpunga, na nyonga yake ilikuwa imeharibika. Kutoka kitandani mpaka mlangoni alifika. Kutoka mlangoni mpaka kivulini alifika. Hapo ndipo dunia yake ilipoishia.

Na huyo bibi alikuwa mwimbaji. Mnawajua watu wa namna hiyo. Ukimnyima nyama hasemi, ukimnyima kwaya anaugua. Tangu nyonga ilipoanza hakuwa amekanyaga kanisani, na kila binti yake mkubwa alipokwenda kumfulia na kumpikia, swali lilikuwa lile lile.

"Mwanangu, mtanifikisha lini kanisani?"

"Mama, kwa mgongo gani? Huu wangu?"

Mdogo mtu akasikia habari hiyo kule mjini. Akajibana, akaingia kwenye duka la baiskeli. Muuzaji akamletea moja nyembamba, inang'aa, ina gia kama vidole.

"Chukua hii, dada. Nyepesi. Ukikanyaga kidogo tu, inaruka."

"Kuku nao wanaruka. Mimi nataka inayobeba."

"Atapanda nani?"

"Dada yangu. Na atakayebebwa ni mama yetu, mgonjwa wa nyonga, katika njia ya mbuga."

Yule muuzaji alikuwa muungwana. Akaisukuma ile nyembamba pembeni, akasema, "Kumbe. Basi hiyo isikupotezee muda, tope la kwanza tu litazila hizo gia."

Wakaanza kuchagua. Fremu ya kike, kwa sababu mwanamke aliyevaa kitenge hawezi kurusha mguu juu ya bomba mbele za watu. Tairi nene. Keria ya nondo, na juu ya keria mto wa sponji, maana nyonga mbovu haikai juu ya chuma. Vyuma vya kuwekea miguu huku nyuma, ili bibi asining'inie kama mzigo. Stendi ya miguu miwili, baiskeli isimame yenyewe wakati mtu mzima anapanda polepole. Na kwenye gurudumu la nyuma wavu, nguo ya bibi isiingie kwenye spoku.

Mwisho muuzaji akashika spana. "Kiti tukiweke wapi?"

Mdogo mtu akavua viatu, akasimama kando ya baiskeli, akajipima mwenyewe. "Weka hapa. Halafu pandisha kidole kimoja. Dada ananizidi kidole kimoja. Nalijua hilo, nimevaa magauni yake yote na yote yaliburuta."

Baiskeli ikapandishwa lori. Akapiga simu: "Dada, ni ya kumpeleka mama. Kila kitu kimeshafungwa, wewe panda tu."

Ilipofika, dada mkubwa alilia. Msimcheke. Mwanamke huyu tangu azaliwe hakuwahi kupewa kitu kipya. Sufuria zake zilikuwa za mama mkwe, shuka zake za mtumba, hata gauni la harusi aliazima. Leo analetewa kitu ambacho hakuna mkono uliokitumia, kimeviringishwa nailoni toka usukani mpaka keria. Akapiga magoti pale pale uani, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka kuku wakakimbia.

Halafu akaiingiza sebuleni.

Nailoni hakuitoa. Angeitoaje? Ndiyo iliyokuwa ushahidi kwamba kitu ni kipya. Kitini akaweka kitambaa cha kufuma. Ule wavu wa nyuma aliuona unapendeza, akauchomekea maua ya plastiki. Kila Jumamosi alichukua kitambaa kibichi akaifuta, juu ya ile ile nailoni, taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Na kila jioni kabla ya kula alisali: asante Baba kwa baiskeli.

Mume wake akamwuliza, "Mama watoto, hii tutaipanda au tutakuwa tunaila kwa macho?"

"Niachie. Hiyo ni zawadi."

Jirani yake naye akapita, akachungulia mlangoni. "Shoga, hiyo baiskeli umeioa? Maana naona umeitandikia."

"Nyamaza wewe. Hujui thamani ya kupewa."

Na mama yake akiuliza, jibu lilikuwepo. Mvua ikinyesha: "Mama, ngoja tope likauke, itachafuka." Tope likikauka: "Mama, ngoja vumbi litulie, litaingia kwenye cheni." Niwaulize ninyi wa hapa, mnaoijua mbuga yetu: kati ya tope na vumbi, tuna majira gani mengine? Alikuwa anasubiri majira ambayo Mungu hajayaumba.

Basi, mavuno yakaisha, na mdogo mtu akaja kutoka mjini bila kutoa taarifa. Dada mkubwa akamvuta sebuleni kwa furaha. "Njoo uone nilivyokutunzia!"

Mdogo mtu akaangalia. Akainama, akapitisha kidole kwenye tairi. Vile vinywele vya mpira, ambavyo tairi mpya hutoka navyo kiwandani, vilikuwa vimesimama vyote.

"Dada, mama anakwenda kanisani kwa usafiri gani?"

"Hajaenda bado. Lakini leo tumpelekee aione. Atafurahi."

Wakatoka. Mdogo mtu alidhani watapanda. Dada mkubwa akaisukuma, kwa mikono miwili, akikwepa kila jiwe. Tairi zilikuwa zimeishiwa upepo kwa kule kukaa, hivyo akaisukuma polepole zaidi. Walipofika mahali ambapo maji ya mwisho ya mashamba hukatiza njia, akasimama. Akajifunga kitenge vizuri. Akaingiza bega chini ya fremu, akainyanyua, akaibeba.

Hebu ioneni picha hiyo. Mwanamke yumo katika tope mpaka vifundoni, jasho linamtoka, baiskeli imekaa begani kama mfalme, maua yanatikisika.

"Dada, hiyo imetengenezwa ibebe watu."

"Itaingia tope!"

"Na mama?"

"Mama yuko nyumbani, hana tope."

Mdogo mtu akaendelea kutembea. Kuna maneno mtu akishayasema, unamwachia ayasikie mwenyewe.

Wakafika. Mama yao alikuwa kivulini, mwisho wa dunia yake. Macho yake hayakuwa yanaona vizuri, kwa hiyo akanyoosha mkono ili aone kwa vidole. Akapapasa usukani. Akapapasa kiti. Nailoni ikalia, kwaruu, kwaruu.

"Mbona ngozi yake inalia?"

"Ni nailoni, mama," akasema binti mkubwa, kwa fahari kabisa. "Nimeiacha ili isichakae. Iko vile vile kama siku ilipofika."

Bibi akaendelea kupapasa, akafika nyuma kwenye mto wa sponji, akaubonyeza, ukainuka. Akafika kwenye vyuma vya miguu. Akavishika kimoja kimoja. Mtu mgonjwa wa nyonga haelezwi kazi ya vyuma hivyo.

Kisha akasema, bila hasira, "Haijachakaa. Vizuri. Na mimi, mwanangu, nani aliyenivisha nailoni?"

Hapo dada mkubwa alifanya jambo ambalo ndilo linalonifanya nimpende katika mfano huu. Hakujitetea, wala hakusema "lakini nilikuwa nashukuru." Aliishika ile nailoni kwa mikono, ikakataa kukatika, akaishika kwa meno. Aliichana yote. Na chini yake kukaonekana nini? Kutu. Maji ya kile kitambaa kibichi yalikuwa yakiingia kila Jumamosi na hayakuwa na pa kutokea. Kutu ilikuwa imeota pale pale alipofuta kwa upendo zaidi.

"Imeoza," akasema, na machozi yakamtoka.

"Haijaoza," akasema mdogo wake. "Ni kutu ya juu. Lete mchanga na tambara."

Wakasugua. Wakaazima pampu kwa jirani, na mafuta ya cherehani kwa fundi nguo, wakayadondosha kwenye cheni. Breki zilikuwa zimelala, wakazikaza. Usukani ulikuwa umepinda kwa kule kubebwa, wakaunyoosha. Wakachomoa maua kwenye wavu. Kitu kimoja tu hawakukigusa: kiti. Dada mkubwa alipokaa kwa mara ya kwanza, mguu ukashuka ukaifikia pedali sawasawa, wala haukujikunja wala haukuning'inia.

Akamgeukia mdogo wake. "Ulinipimia kwa nani?"

"Kwangu mwenyewe. Nikaongeza kidole."

Hapo ndipo alipopokea zawadi yake, wapendwa. Ile siku ya uani, alipopiga magoti, alikuwa amepokea mzigo wa lori tu. Leo amejua kwamba kuna mtu alimkumbuka mpaka urefu wa mfupa.

Jumapili ile bibi alikwenda kanisani. Alikaa upande juu ya mto, miguu kwenye vyuma vyake, kitenge kimelala juu ya wavu, binti mmoja anakanyaga na mwingine anatembea kando ameshika mgongo wa mama. Kwenye yale maji, hakuna aliyebeba baiskeli. Walipita katikati, tope likaruka likampaka bibi shavuni, naye akacheka akasema, "Piga kengele! Piga, waone ninapita!" Kulikuwa na watu? Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kunguru. Kengele ikapigwa hata hivyo.

Leo hiyo baiskeli ukiiona hutaitazama mara mbili. Kiti kimepasuka, kimefungwa kwa kipande cha tyubu. Kengele inakohoa. Mto wa nyuma umebonyea umbo la bibi, na hata asipokuwepo, shimo lake lipo. Na sala ya jioni imebadilika. Zamani alisema asante kwa baiskeli. Sasa anasema asante kwa safari.

Ndugu zangu, sasa tuje kwetu.

Sisi tunapewa, na tunashukuru sana kwa mdomo. Nani hapa hana vikombe vya wageni kabatini, na watoto wake wanakunywa chai kwenye vikopo vya plastiki? Na rimoti, Baba Shija, usiangalie pembeni, mpaka leo si imo kwenye nailoni na namba hazisomeki? Hayo tucheke. Lakini kuna mengine si ya kucheka. Umepewa sauti, unaimba ukiwa peke yako shambani, hapa unachezesha midomo. Mama Minza, umepewa mkono wa kukanda wagonjwa, na sisi tulijua kwa bahati. Mtu amepewa neno zuri la kumwambia mkewe, analiweka, analiweka, anangoja sikukuu. Sikukuu gani? Kati ya tope na vumbi, ni ipi?

Tunadhani kutunza ni kutotumia. Tunaibeba begani zawadi iliyotengenezwa kutubeba, halafu tunamlalamikia Mungu kwamba mabega yanauma. Na kuna mtu amekaa kivulini ng'ambo ya mbuga, anasubiri ile keria.

Yeye aliyetupa hakuokota tu chochote dukani. Alitujua. Alipima. Wewe unayesema zawadi yako ni ndogo na ya jirani ina gia, je, umeshaipanda? Hujui kama kiti ni chako mpaka ukikalie.

Nami naangalia humu ndani leo. Naona visigino vilivyopasuka kwa mashamba. Naona mikono ambayo haitavaa tena pete kwa sababu vidole vimevimba kwa kazi. Naona akina mama wamechoka, wengine wamesinzia na ninawaona, walale kidogo. Huo si uharibifu. Huo ni mto uliobonyea umbo la mtu uliyembeba. Namshukuru Mungu kwa kila kilichochakaa humu kwa kufanya kazi yake. Siku akituita, sitaki kumrudishia kitu ndani ya nailoni na kutu chini yake. Nataka aone tope, acheke, ajue tulipita.

Basi simameni. Mwenye magoti mabovu asimame polepole, tutamsubiri. Tutaimba wimbo wa sadaka. Na sauti zile mlizozitunza tangu mwaka jana, zichaneni nailoni.