Kwa Nini Wanasesere wa Pandani Huinamisha Vichwa

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: Mwanajuma alikata uzi kwa meno, akamwambia mumewe, "Hebu sogea, bwana, unanizibia mwanga." Mshamu akasogea. Siku tatu baadaye homa ilimchukua Mwanajuma, na mwanasesere aliyekuwa akimshonea binti yao, Riziki, akabaki kiwiliwili bila kichwa.

Enzi hizo, pale Pandani, wanasesere wote walishonwa, na walioshona ni akina mama tu. Mtoto hakuruhusiwa kugusa sindano, alingoja apewe. Tena nyumba iliyofiwa haikushona kitu kwa siku arobaini, hata kifungo.

Riziki alikuwa na miaka sita. Tangu mazishi hakusema neno. Alikula alichopewa, akalala amekumbatia kile kiwiliwili. Siku ya kumi na mbili Mshamu alimwendea dada yake, Bimkubwa, akamwomba amshonee mtoto kichwa.

"Mishono minne tu, dada."

"Hata mmoja, kaka. Unataka watu waseme tumeshamsahau wifi yangu? Ngoja arobaini ipite."

"Mtoto hawezi kungoja."

"Basi mtengenezee bila sindano, tukuone!" Bimkubwa akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Alasiri ile Mshamu alichukua kanga kuukuu ya mkewe, akararua kipande cha mraba. Katikati akaweka bonge la sufi, akalifunika kwa kitambaa, akazungusha ukanda chini yake. Kichwa kikatokea. Ncha mbili akazipiga mafundo, zikawa mikono ya mwanasesere mpya. Lakini kazi yake ilikuwa kufunga mizigo ya nazi, na hakujua kufunga kwa upole. Aliuvuta ukanda kwa nguvu zake zote.

"Baba," ilisema sauti mlangoni, "unamnyonga."

Mshamu hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka, sauti ile itanyamaza tena.

"Njoo basi unionyeshe," alisema.

Riziki akaja, akalegeza ukanda, akaingiza kidole kati ya ukanda na shingo. "Sasa kaza." Mshamu akakaza juu ya kidole. Mtoto alipokichomoa, kichwa kiliinama upande mmoja.

"Ona, kimelegea," alisema Mshamu.

"Hakijalegea. Anasikiliza."

Asubuhi iliyofuata Mshamu aliweka kile kiwiliwili ndani ya kikapu cha nyuzi cha Mwanajuma, pamoja na sindano yake, akafunika. Kisha akairarua kanga iliyobaki vipande kumi na kimoja, akatandika mkeka barazani, akawaita watoto wa jirani. Aliyewafundisha ni Riziki, kwa maneno mengi. Na tangu asubuhi hiyo, mtoto wa Pandani hangoji kushonewa mwanasesere. Humfunga mwenyewe, ukanda juu ya kidole, na kila mwanasesere huinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza.