Injini Iliyogoma Mkononi

Ndugu zangu, niwape habari ya baba mmoja aliyeamua kubadilisha mkanda wa taiming wa gari lake mwenyewe, uani kwake. Mnacheka? Wenye magari hawacheki. Mkanda ule ndio unaozifanya pistoni na valvu zipishane kwa adabu ndani ya injini. Ukiufunga nje ya alama zake, zinagongana, na injini imekwisha.

Sasa, baba mkwe wake alikuwa amefariki. Mazishi ni siku ileile ya kufunga mkanda, mchana, mbali, kule milimani. Mkewe alikuwa amemsihi tangu alfajiri: "Baba Tumsifu, twende tu na basi. Nataka nimwone baba kabla hawajafunga jeneza." Lakini mkwe mzima ashuke kwenye basi, watu wa ukweni wakimtazama? Hakutaka. Alisema gari litakuwa tayari.

Akamaliza kufunga. Mafundi wana desturi yao: kabla hujagusa ufunguo, unatia spana na kuizungusha injini kwa mkono, taratibu. Ikizunguka laini, washa. Ikigoma, umekosea alama, fungua uanze upya. Akazungusha. Ikaenda, ikaenda, ikagoma. Akairudisha nyuma kidogo, akajaribu tena. Ikagoma palepale.

Mkewe akatokea mlangoni, kanga nyeusi begani. "Imekaa sawa?"

Ungejibu nini, wewe? Basi lilikuwa bado lipo stendi. Angesema tu "nimekosea, mama, wahini basi," na yule mama angemwona baba yake.

"Sawa," akasema. "Pandeni."

Wakapanda. Shangazi wa mkewe, mtu wa maombi, akasema safari haianzi bila sala. Wakainamisha vichwa, naye akaomba kwelikweli: "Bwana, tutangulie. Penye hatari, tuonyeshe kabla hatujafika." Na yule baba, mkono kwenye ufunguo, akaitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Akawasha. Kikasikika chuma kikivunjika, mara moja tu, kisha kimya.

Shangazi akatikisa kichwa. "Shetani hataki tufike."

Mnajua yule baba alijibu nini? Alisema, "Kweli, shangazi. Shetani ana vita na familia hii." Basi gari zima likaanza kumkemea Shetani, isipokuwa mkewe. Yeye alishuka, akakimbia hadi stendi, akakuta basi limeshaondoka. Baba yake alizikwa bila yeye kumwona.

Sasa nawauliza, Shetani alikuwa wapi humo? Mimi nimemtafuta sijamwona. Shangazi aliomba waonyeshwe hatari, na yule baba alikuwa ameshaonyeshwa, kwa mkono wake mwenyewe, kabla sala haijaanza. Mungu alikuwa amejibu. Aliyejibiwa ndiye aliyenyamaza.

Kukosea alama ni jambo la kawaida, hata fundi hukosea. Kilichomnyima yule mama kuagana na baba yake ni lile neno "sawa." Na sisi tunalisema kila siku. Mke anakuuliza mbona hulali, unasema sawa. Watoto wameacha kuzungumza ukiingia sebuleni, umeliona hilo, unasema sawa. Jambo limegoma mkononi mwako, unalijua, halafu unakuja hapa mbele kuomba uwekewe mikono ili liende. Tukikemea pepo mchana kutwa, ule mkanda utajifungua wenyewe? Inaniuma, kwa sababu huwa tunawapakia na wengine ndani ya gari letu.

Nilikuwa nataka tusimame tuombe. Hapana, kaeni. Kama kuna mtu unayepaswa kumwambia "nimekosea," na yupo humu ndani, mgeukie umwambie sasa. Mimi nitasubiri. Amina tutaisema mkimaliza.