Mlango Uliotangulia Nyumba

Mlango ulifika Kharumwa kabla ya nyumba. Wanaume wanne waliushusha kutoka kwenye lori, jasho likiwatiririka, wakauegemeza kwenye ukuta wa msonge. Ulikuwa wa mninga mtupu, umenakshiwa maua, umepigwa njumu za shaba zilizometa kama macho ya paka. Salmini aliuzunguka mara tatu kama jogoo aliyeona tetea mgeni. Tangu duara lao, shimo la dhahabu alilochimba na wenzake, liteme mali mwezi uliopita, alikuwa hakai akatulia. Akila, alisimama. Akilala, aliota kuta.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika. Mvua za Machi zilikuwa zimeangusha vyumba vya udongo vya marehemu baba yake, mzee Shaaban. Uwanjani ulibaki msonge peke yake, nyumba ya duara aliyojengewa bibi yake mzaa baba, Msukuma wa kijijini aliyekataa katakata kulala kwenye nyumba yenye pembe. Humo ndimo mama yake, Bi Mwasiti, alimojihifadhi. Na mzee Shaaban, siku mbili kabla ya kukata kauli, alimshika Salmini mkono akamwambia, "Mama yako asihame hapa." Maneno hayo yalimkaa kijana kooni kama mwiba wa samaki.

"Nyumba huanzia chini, baba," alisema Selestine, fundi mkongwe, akiutazama mlango. "Wewe umeanzia mlangoni."

"Na wewe ungeanzia wapi?"

Selestine alichuchumaa, akachora mchangani kwa kijiti. Msonge aliuacha katikati. Vyumba vya matofali ya kuchoma akavipanga pande mbili, mbele akaweka baraza pana, na juu paa la bati lililoinuliwa, lenye nafasi ya kupitisha hewa. "Umeme ndani, maji ndani, choo ndani. Lakini pumzi iwe ile ile ya bibi yako."

"Mzee Selestine, sikushuka mita sitini chini ya ardhi ili nipande juu nijenge kichuguu."

Vibarua waliangua kicheko. Selestine alifuta mchoro wake kwa unyayo, taratibu. "Kichuguu kina hewa kuliko duara lenu," alisema, akaenda kukoroga udongo.

Ikajengwa nyumba aliyoitaka Salmini. Mlango ulidai ukuta mrefu, ukuta ukadai nguzo, nguzo zikala saruji iliyokusudiwa baraza. Ili uso wa nyumba usiharibike, madirisha yakawa vioo vikubwa visivyofunguka. Paa likafichwa nyuma ya ukuta, kama alivyoona Geita mjini, na vyumba vya ndani vikatoka vifupi kama mabanda. Wapita njia walisimama barabarani kupiga picha. Salmini alijifanya hawaoni, huku kifua kimemvimba kama chura wa masika.

Aliyebaki kumridhisha alikuwa mmoja tu.

"Nitahamia," alisema Bi Mwasiti, "siku hitima ya baba yako itakaposomwa humo, watu wakakaa, wakala, wakaondoka wameridhika. Nyumba isiyoweza kukalisha watu wa hitima haiwezi kunikalisha mimi. Ikishindikana, nitaondoka na dada yako Zuhra kwenda kwake Isaka. Msonge nao nyasi za paa zimeoza, siwezi kumaliza humo msimu mwingine wa mvua."

Siku ya hitima jua la Oktoba liliwaka bila huruma. Zuhra, dada yake Salmini aliyeolewa Isaka, alifika asubuhi, akaukagua mlango kuanzia juu hadi chini.

"Kaka, huu unafunguliwa kwa kibali cha mkuu wa wilaya?"

"Ingia, acha maneno."

Watu waliingia, wakausifu, wakaupapasa. Wanaume wakaketi sebuleni, wanawake chumba cha pili. Shehe Ibrahimu akafungua kisomo. Kabla juzuu hazijafika nusu, umeme ulikatika, feni zikasimama, na nyumba ikageuka tanuri. Vioo vilikaribisha jua na kulifungia humo humo. Kanzu ziligandamana na migongo. Bibi mmoja akaanza kuweweseka, akatolewa ameshikwa mabega. Akafuata wa pili na mkeka wake. Shehe alifunga msahafu kwa adabu.

"Salmini, mwanangu, utuwie radhi. Tutamalizia uani."

Wakahamia wote. Wanawake waliingia msongeni, wanaume wakaketi kivulini chini ya upenu wake unaouzunguka pande zote. Sauti za kisomo zikapanda tena, safari hii bila kukatizwa. Salmini alibaki sebuleni peke yake na mlango wake. Akaona, kupitia kioo, Zuhra akikunja nguo za mama yao na kuzitia kwenye begi.

Alitoka mbio, akainama, akaingia msongeni. Ubaridi ulimpokea usoni kama maji ya mtungi. Aliinua macho. Kati ya ukuta mnene wa udongo na paa refu la nyasi palikuwa na mwanya wa kiganja kimoja, na humo joto lilikuwa likitoka kimyakimya, kama lilivyotoka siku zote za utoto wake. Hakuwa amewahi kuutazama.

"Mlango wako ni mzuri, baba," alisema Bi Mwasiti. "Nimeusifu. Sasa nifanye nini nao?"

Salmini, ambaye hakuwahi kumwomba mtu, alivuka uwanja hadi kwa Selestine aliyekuwa akinawa mikono baada ya pilau. Alichuchumaa mbele yake, akaokota kijiti, akampa.

"Chora tena, mzee wangu. Sitaki aende Isaka."

Selestine alikipokea, akaanza kwa kuchora duara la msonge.

Begi la Bi Mwasiti lilifunguliwa siku ile ile. Kabla mvua hazijakolea, paa lilikwisha kuinuliwa, vioo vikawa madirisha ya kufunguka, msonge ukaezekwa upya na kuunganishwa na vyumba kwa ujia mfupi. Lango la mbele likapanuliwa kuwa baraza lililo wazi, mlango ukakosa pa kukaa. Selestine aliulaza, akaufanyia miguu, ukawa benchi. Bi Mwasiti huukalia kila jioni akimenya mihogo, na mgeni akizisifu nakshi zake, Salmini husogea ampishe aingie, akamwambia, "Ndani ndiko kuzuri. Nyumba njema si mlango."